Keki Mbili za Bwana Harusi

Soko la Jumamosi la mji wa Knoxville, Marekani, lilikuwa limefurika hata pa kukanyaga hapana. Corinne, ndani ya gauni la njano lililomkaa vizuri, aligongana na mtu aliyebeba trei ya maandazi ya mdalasini, sukari yote ikamwishia kifuani.

"Sasa na wewe umekuwa andazi," mwanamume akamwambia. "Nikufunge kwenye karatasi?"

Corinne akacheka, hasira zikamwisha. Huyo ndiye Wendell, mwokaji keki na shemasi wa kanisa. Corinne hakumficha kwamba aliwahi kuolewa na akaachika. Wendell akasema yaliyopita yamepita. Kila alfajiri akawa anampigia simu kumuuliza mpenzi wake ameamkaje, na kabla majira ya joto hayajaisha akamvisha pete ya uchumba.

Kisha Thad, kaka mdogo wa Corinne, akapiga simu dukani. Kwao bibi harusi huwa na keki yake nyeupe, na bwana harusi yake ya chokoleti. Thad aliagiza mbili za bwana harusi. Wendell akadhani shemeji kakosea, akamtania: ya bibi harusi umeisahau? Thad akamjibu hakuna bibi harusi, ni yeye na mwenzake Emmett.

Wendell alikataa kwa upole, na upole wake ndio uliouma. Mkate atawaokea, keki ya kuzaliwa pia, ila harusi hiyo dini yake hairuhusu. Thad akamlilia dada yake.

Corinne akamfuata Wendell dukani, akamkuta anapamba keki ya mzee mmoja anayeoa mara ya tatu.

"Wake zake wawili aliowaacha wako hai," akamwambia.

"Sikuuliza."

"Kwa Thad uliuliza. Na mimi je? Yule mume wangu yuko hai, anakunywa bia ng'ambo ya mto. Kitabu chako kinamwitaje anayemwoa mwanamke aliyeachwa?"

Wendell akashusha mfuko wa krimu.

"Mzinzi," Corinne akajijibu. "Basi kama kwangu umefumba macho, na kwa mdogo wangu fumba."

Akatoka kichwa juu, akijua amempata. Jumapili, baada ya ibada, simu ikalia.

"Umesema kweli, mpenzi," Wendell akasema. "Nimesoma, nimesali. Nilikuwa napendelea."

Moyo wa Corinne ukaruka kwa furaha. "Kwa hiyo utamwokea?"

"Hapana. Yule mzee nimemwambia atafute mwokaji mwingine." Akavuta pumzi. "Na wewe siwezi kukuoa."

Jamani, alimtaka apime wote kwa kipimo kimoja, na mtu kapima. Corinne alitaka kumtukana, lakini simu ikakatika, naye akabaki kaishika sikioni.

Siku ya harusi yake Thad alimkatia dada yake keki ya supamaketi, kavu, akamuuliza pete iko wapi. Corinne akamwambia ilikuwa inambana. Akaimaliza keki yote, machozi yakidondoka kwenye sahani.