Kola Zilizonyamaza

Kila alasiri baada ya shule, Risten alikaa jikoni kwao Kautokeino, kijiji cha kaskazini ya mbali, mbele ya kompyuta, akitazama nukta arobaini. Kundi la baba yake, Áilu, lilikuwa na kulungu wa theluji mia tatu. Arobaini kati yao walivaa kola za redio, mikanda ya shingoni iliyoonyesha walipo, kila kola nukta moja. Kola haikupiga kelele mpaka kwenye mnara wa mawasiliano, maana hilo hula betri. Iliinong'onezea kola jirani iliyo karibu zaidi na mnara, nayo ikaipa nyingine, hadi habari ikafika.

Lakini nukta zilisogea mara moja tu kwa saa, na Risten alitaka kumwona Muzet, kulungu wake mwenye mimba, dakika kwa dakika. Wiki iliyopita, kimyakimya, aliziamuru kola zote zipeleke habari mnarani zenyewe, kila dakika.

Leo zilibaki nukta sita, zimetawanyika ovyo.

"Barafu ya mto inapasuka," Áilu alisema, akihangaika na buti. "Wakivuka wanazama wote. Na sijui wako bonde gani!"

"Betri za miaka miwili, eti!" Shangazi Márge alifoka. "Wametuuzia takataka."

"Naenda mashariki. Nitabahatisha."

Risten alijua ni yeye aliyezimaliza betri. Akinyamaza, lawama ingewaangukia wauzaji. Nje, pikipiki ya theluji ikanguruma. Alitoka mbio na soksi tu.

"Baba, ngoja! Ni mimi! Mimi ndiye niliyezibadilisha kola!"

Áilu alizima injini.

"Siku ngapi?" Shangazi aliuliza mlangoni.

"Saba."

"Basi hazijafa, zimelala. Nguvu ya kupiga kelele hazina. Ya kunong'ona bado zinayo."

Risten alirudi kwenye kompyuta, akazirudishia zile sita amri ya zamani, ziziamshe kola za jirani. Walisubiri. Risten hakuvua hata soksi zilizolowa. Nukta ya saba ikatokea. Ya tisa. Ya kumi na tano, zote ukingoni mwa mto.

"Magharibi, Áilu! Kimbia!" Shangazi alipaza sauti.

Áilu alirejea jioni, mabega yameinama. Wawili walikuwa wamezama. Waliosalia, Muzet akiwemo, aliwahi kuwageuza.

Risten alilia. Baba yake akaketi kando yake.

"Kosa lako limeniulia kulungu wawili, binti yangu," alisema taratibu. "Ukimya wako ungeniulia kundi zima. Anayekosea na kusema mapema, huacha kitu cha kuokolewa. Haya, kula. Kesho tunaenda sote kubadilisha betri."