Nilimlinda Ziwani, Akachumbiwa Muyinga

Nina miaka thelathini na miwili, sina mke, na mpaka leo nikisikia watu wanapanga kwenda kustarehe ufukweni Bujumbura natafuta kisingizio cha kuondoka. Wasomaji wenzangu, niacheni niwaeleze kwa nini.

Nilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Shule niliiacha darasa la tano kwa sababu miguu yangu haikutulia... Nilitaka kujua kila lori limebeba nini na barabara inaishia wapi. Amani iliporudi nasi tukarudi Burundi. Mama alipata shamba Itaba. Mimi nikabaki Gitega, mtaa wa Magarama, leo nauza viatu vya mitumba, kesho napakia mizigo.

Hapo ndipo nilipompata Godeliva. Alikuwa akimsaidia shangazi yake kuuza vitenge, na baba yake ni mkulima Muyinga. Nilimpenda vibaya mno! Mteja akimchekea, moyo wangu unawaka. Akipokea simu, nauliza ni nani. Akinyamaza, nauliza anamuwaza nani...

Aliyekuwa akinituliza ni Anisete, rafiki yangu tangu kambini. Wazazi wake walirudi Muyinga, jirani kabisa na kwao Godeliva. Kwa kuwa baba yangu alikwishafariki, nilimwomba Anisete anitafutie wazee wa kunishikia irembo. Irembo ni lango la nyumba. Wazee wa mvulana wanapeleka pombe kwa baba wa msichana, na akiipokea, basi, hakuna mwingine wa kubisha hodi. Lakini kambini tulikuwa na mahema tu, hatukuwa na malango, na mimi sikuona uzito wa jambo hilo. Anisete akanishauri nisiwe na haraka, kwanza nimtembeze mchumba, irembo lingenisubiri.

Nikamwona ana akili kweli!

Nikawapeleka Godeliva na shangazi yake Bujumbura. Wao walilala kwa ndugu zao, mimi kwa mtu tuliyejuana kambini. Sisi watu wa milimani, joto lile! Mchanga unaunguza nyayo, samaki wa mukeke wanachomwa kila upande, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo inaonekana kama ya kuguswa. Niliyaonja maji nijue kama yana chumvi. Shangazi akacheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake nikaharibu kila kitu.

Palikuwa na kijana wa Uvira aliyekodisha mipira ya matairi ya kuelea. Godeliva akapanda mmoja, kijana akawa anausukuma. Mimi sijui kuogelea, nikabaki mchangani nikiwakodolea macho. Kila alipocheka niliona anachekea kifua cha yule kijana!

Akatoka majini, akakaa karibu yangu, akaniuliza polepole ni lini wazee wangu watakwenda kwa baba yake. Swali gani tamu kuliko hilo? Na mimi nilimjibu nini? Nilimwambia kwanza anieleze yule Mkongo alimnong'oneza nini.

Akainuka. Akarudi kwenye mpira wake. Nikamfuata na viatu vyangu miguuni, nikamkamata mkono, nikamburuta mpaka nchi kavu nikimwita malaya mbele ya watu wote!

"Muzee, ni wivu ama ni jua?" yule kijana akaniuliza. "Mi niko nashika mupira tu. Bibi yako niko nakuachia weye!"

Watu wakaangua kicheko. Shangazi hakucheka.

"Eh, we kijana! Kwetu hujaleta hata chupa moja, sasa unamuvuta mutoto wa watu kama mbuzi?"

Tulirudi Gitega, wao wamekaa mbele, mimi nyuma. Hofu ikanishika. Mwishoni mwa wiki nikamchukua mama, tukanunua pombe, tukaenda Muyinga bila kumngoja Anisete.

Tulikuta uani watu wamekaa, wamezunguka mtungi wa impeke, pombe ya mtama, mirija imechomekwa ndani. Katikati yao, amevaa koti... Anisete! Alishika irembo kwa ajili yake mwenyewe tulipokuwa ziwani, na siku hiyo aliwaleta wajomba wafahamiane.

Baba yake Godeliva hakujua lolote. Alifurahi kumwona rafiki wa mkwe wake.

"Karibu, mwanangu," akaniambia, akinipa mrija. "Kunywa, hii ni ya Anisete."

Mngefanya nini? Kuukataa mrija mbele ya wazee ni tusi. Nilikunywa. Mama alitazama pembeni akifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Anisete hakuinua macho.

Godeliva nilimpigia simu nikilia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Baba alinipigia kuniuliza kama namtaka Anisete," akasema. "Angeniuliza asubuhi ningekataa. Aliniuliza jioni ileile uliyonivuta mkono."

Walifunga ndoa. Wana mtoto.

Anisete alinisaliti, hilo nitalisema popote. Lakini neno "ndiyo" hakumwibia Godeliva mdomoni. Mimi ndiye niliyemsukuma alitamke, kwa kumlinda na kijana ambaye hata jina lake sijui.

Ndugu zangu, nawasihi! Kama una mchumba, nenda kwao mwenyewe, hata kama umebaki na mama tu. Usimtume rafiki. Na akikuuliza lini, usimwulize alikuwa anaongea na nani. Mtajie siku!