Kondoo Aliyeliwa kwa Hasira

"Saruni, fungua kabla sijauvunja huu mlango."

"Mzee, kodi nimelipa. Nivumilie mpaka kesho."

"Kondoo analia ndani ya nyumba yangu, halafu unaniambia kesho?"

Mimi Antonia nilikuwa nimepanga chumba cha pili, nakaanga maandazi barazani. Ilikuwa Jumapili, Karatu, mwaka ule wa vita vya Amini. Mwenye nyumba wetu, Bartolomeo, Mwiraqw mwenye hasira za karibu, aliupiga mlango teke ukang'oka.

Binti yake Lukresia akamshika mkono.

"Baba, ngoja nikueleze."

Kofi likamwangusha chini. Hapo Saruni akatoka, kijana wa Kimaasai wa Soitsambu, mlinzi wa hoteli, rungu mkononi.

"Usimpige yeye. Nipige mimi."

"Kwani ni nani wako?"

Saruni akasogea akamkinga Lukresia. Kwao posa husemwa na wazee, na baba yake, Ngoitiko, alikuwa afike kesho yake. Yeye na Lukresia walipendana tangu masika, na sisi wapangaji wote tulijua isipokuwa baba mtu.

Bartolomeo akachomoa panga. Pigo la kwanza lilimchana Saruni kuanzia kiwiko mpaka kifundo cha mkono, rungu likadondoka. Damu iliruka hadi kwenye karai langu, nikamwaga mafuta yote. Pigo la pili lilimpata kondoo shingoni.

"Tulikubaliana hakuna mifugo chumbani," alisema akihema. "Huyu ni fidia ya sakafu yangu."

"Nje fisi wangemla," Saruni alijibu, ameushika mkono wake.

"Basi nitamla mimi."

Na akamla kweli. Saruni akishonwa zahanati, Bartolomeo alikuwa uani na jirani zake wanachoma nyama, yeye akamaliza paja zima. Mwanamume hana haya yule. Nilitamani imkwame kooni.

Kesho yake balozi wa nyumba kumi, Mzee Josephati, alituita uani. Ngoitiko naye alikuwa amefika, fimbo mkononi, macho mekundu.

"Saruni," balozi alianza, "ulikosa. Mfugo ndani ya chumba cha kupanga huingii naye bila ruhusa. Utasafisha na kupaka chokaa."

"Nimekubali."

"Nawe Bartolomeo, mtu akishalipa kodi, huvunji mlango wake. Ungempa notisi au ungeniita mimi. Kondoo utamlipa, na huo mkono polisi wataulizia."

"Nitamlipa. Ila aondoke leo."

Ngoitiko akainuka, na nikadhani sasa tunazika mtu.

"Nani amemla kondoo wa mwanangu?"

"Mimi, na sijuti," Bartolomeo akasema, mkono ukitafuta panga. Wanaume wawili wakamdaka, akamng'ata mmoja, wakambana ukutani.

"Basi hatulipwi," Ngoitiko akasema. "Kondoo yule alikuwa wa posa. Mwanangu alimtanguliza ili leo tukupe wewe, baba wa binti. Kwetu baba wa binti akishamla, yeye na kijana wanaitana Paker, maana yake mtu wa kondoo, mpaka kaburini. Wewe umekula."

"Nilikula kwa hasira."

"Tumbo halikuuliza."

Watu wakacheka, Bartolomeo hakucheka. Alimgeukia bintiye, ambaye shavu lilikuwa bado limevimba.

"Lukresia, ni kweli?"

"Kweli, baba. Nampenda. Jana nilitaka kukuambia, ukanipiga."

"Ningekukatalia."

"Ningeenda naye hivyohivyo. Usipomtaka, utanikosa na mimi."

Saruni akasogea, bandeji imelowa damu, akainamisha kichwa mbele ya mtu aliyemkata, kama wafanyavyo vijana wao kwa wakubwa.

"Paker," akasema, "nisamehe sakafu."

Nilimwona Bartolomeo akiutazama ule mkono kwa muda mrefu. Wale waliombana wakamwachia wenyewe.

"Nimemwaga damu ya mkwe wangu," alisema kwa sauti ndogo, machozi yakamtoka mbele yetu wote. "Lukresia, mletee mumeo kiti."