Askari Aliyefufuka kwa Kiswahili

— Filme napatia kumi na nane juu ya makumi mbili, alisema Nsimire. Mufasiri, mbili.

Sale nzima ya parokia ikageuka. Padri Philémon, chaki mkononi, akabaki mbele ya ubao kama mtu aliyesahau sala katikati.

— Binti, hapa tunapima filme, hatupimi watu.

— Basi leo mupime na watu, mon père. Pointi moja ni ya sauti. Ingine ni ya koti.

Vicheko vikapasuka hadi viti vya nyuma. Marcellin, mufasiri mwenyewe, akaliangalia koti lake, ambalo kwa kweli lilikuwa la mjomba wake Honoré.

Marcellin alikuwa mwalimu wa mwaka wa tatu. Kwenye kitambulisho aliitwa citoyen, yaani raia, Mushagalusa, maana miaka ile serikali ilikuwa imefukuza majina ya ubatizo ofisini. Lakini Bikira Maria na mama yake waliendelea kumwita Marcellin. Kila Jumapili baada ya misa ya mwisho, madirisha ya sale yalifunikwa mablanketi, mashine ikaanza kunguruma, na mwanga ukapita juu ya vichwa vya watu ukiwa umejaa vumbi la dhahabu. Filamu zilisema Kifaransa. Nusu ya mtaa wa Nyalukemba haikukisikia. Basi Marcellin alikaa kando ya mashine na kipaza sauti, akawa bibi harusi, akawa mwizi, akawa askofu, na siku moja, kwa kukosa nafasi ya kupumua, akawa hata farasi.

Kisha mablanketi yaliondolewa, na watu wakatoa pointi kwa heshima ya mtihani wa taifa. Walikuwepo Wakristo waliokosa kuungama Pasaka nzima, lakini kukosa kutoa pointi, hilo hawakuthubutu.

— Mimi kumi na tano, alisema Maman Agathe, muuza mandazi. Farasi iko muzuri. Lakini ule mwanaume analia mingi.

— Mimi makumi mbili! akasimama Maman Cibalonza, mama yake Nsimire, kitenge chake kimelowa machozi. Na kama kuko ingine, mon père, uongeze. Ule soldat amerudi kwake!

Padri akaandika. Ilikuwa pointi ya juu kuliko zote mwaka ule wa sabini na sita.

Walipokuwa wakishuka njia ya nyumbani, Marcellin na Nsimire walibaki nyuma kidogo, umbali ambao wazazi wanauona na kujifanya hawauoni. Chini yao ziwa lilikuwa limetulia, rangi ya maziwa, na ukungu ulikuwa umefuta milima ya ng'ambo kama mtu anayefuta ubao.

— Mbili, Nsimire? Kweli mbili?

— Nilitaka kukupatia moja. Nikakumbuka nakupenda.

— Aksanti kwa huruma.

— Ule officier pale mulangoni alisema nini?

Marcellin akatazama ziwa.

— Nasikia Kifaransa, Marcellin. Nakipiga kwa mashine ofisini kila siku. Alisema: "Madame, bwana yako amekufa." Weye ukasema nini?

— Nikasema: "Mama, bwana yako iko njiani, upike."

— Na bibi yule akaanguka chini analia.

— Kwa furaha.

— Kwa furaha! Na ule musalaba wa mwisho?

— Nilisema ni wa jirani.

Nsimire alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimshinda, ikabidi ashike ukingo wa njia.

— Juu ya nini ulifanya vile?

— Maman yako alikuwa amekamata kitenge na meno. Nikaona nikimuua ule soldat, naua watu wawili.

Babake Nsimire, Raphaël, alikuwa shofeli wa lori la jeshi. Alitoka asubuhi moja mwaka wa sitini na saba, akaahidi kurudi Jumamosi. Ilikuwa imepita miaka tisa ya Jumamosi.

— Weye unaota macho wazi, alisema polepole, na kidole chake kidogo kikakishika cha Marcellin.

— Na weye unapatia watu mbili.

— Dimanche inayokuya wazee wako watakuwa kwetu. Tonton Grégoire atapokea ng'ombe pa nafasi ya papa. Ota ile.

Marcellin akaiota. Aliiota wiki nzima, hata wakati wanafunzi wake walipoandika kwamba saba mara nane ni hamsini, akawapa alama ya ndiyo.

Jumapili ikafika. Mjomba Honoré, ndani ya koti lake lililorudishwa kwa ajili ya shughuli hiyo, alisema maneno mazuri juu ya ua lililochanua kwenye boma hili. Debe la kasiksi, pombe ya ndizi, liliwekwa katikati. Tonton Grégoire, mdogo wake Raphaël, alikuwa amekwisha kujipanga usoni kama mtu anayepokea ng'ombe wawili. Hapo Maman Cibalonza akatoka jikoni, anafuta mikono.

— Papa Honoré, maneno yenu iko muzuri. Lakini mwenye kupokea iko njiani.

— Mwenye kupokea? Nani, maman?

— Raphaël. Bwana yangu.

Grégoire akakohoa.

— Shemeji, siye tulisha kusikilizana. Miaka tisa...

— Ile ilikuwa mbele ya sinema. Sasa nimeona. Ule soldat alikawia, watu wote wakasema amekufa. Bibi yake akangoja, bwana akarudi. Si ni huyu kijana mwenyewe alisema? Marcellin, ulisema ama haukusema?

Macho yote yakamgeukia. Marcellin alijisikia kama mwizi anayeonyeshwa shati alilolisahau alikoiba.

— Nilisema, maman.

— Basi. Mutoto wangu hataolewa kama babake hajapokea ng'ombe. Siye tunamungoja.

— Maman, akasema Marcellin, ile filme... soldat alikufa. Nilidanganya.

Maman Cibalonza akamtazama kwa huzuni, si kwa hasira. Na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

— Eh, kijana. Dimanche ile alirudi, leo amekufa, sababu unataka bibi? Usiue mutu juu ya ndoa.

Debe la kasiksi likarudi lilikotoka, na mjomba Honoré akatangulia mbele njia nzima, koti begani.

Siku ya Jumatano barua ikafika shuleni, imepigwa kwa mashine, imenyooka kama ya serikali:

"Citoyen Mufasiri,
Maman amepaka nyumba chokaa. Amenunua samaki mukavu ile papa yangu alikuwa anapenda. Kila siku kisha kazi anakaa mulangoni. Nikimuambia ule soldat alikufa, anasema ni hamu ya bwana inanisemesha. Weye ndiye ulimufufua ule mutu. Umuzike. Mbele ya kumuzika usikuye kwetu.
N."

Chini, kwa kalamu, alikuwa ameongeza: "Nakupenda. Lakini umuzike."

Marcellin akakimbia parokiani.

— Mon père, ile filme ya soldat iko wapi?

— Ilipanda mashua, iko Goma. Itarudi kisha wiki tatu. Ilipata makumi mbili, watu wanaiomba. Na weye pia unaipenda vile?

— Naichukia, mon père.

— Ajabu. Ulisema na roho yote.

Kwa wiki tatu askari yule hakumwacha. Darasani, watoto wakiimba jedwali la saba, Marcellin alimwona ameketi dawati la nyuma, kofia magotini, matope kwenye viatu, anatazama nje dirishani kuelekea ziwani kama mwanafunzi mwingine yeyote mvivu.

— Mwalimu, alikuwa anauliza kwa upole, mimi niko mutu ama maiti? Nipange vitu vyangu.

— Ungoje dimanche, Marcellin alijibu, na watoto wakaandika kwenye madaftari yao: ungoje dimanche.

Siku ilipofika, sale ilijaa hadi ngazi za nje, kwa kuwa habari ya filamu inayoisha vizuri husafiri haraka kuliko lori. Maman Agathe alikuwa amemleta dada yake kutoka kijiji cha Miti. Maman Cibalonza alikaa mstari wa tatu, kitenge kipya, Nsimire kando yake.

Mashine ikanguruma. Vumbi la dhahabu likaanza kuelea. Askari akaaga, akapanda treni, akaandika barua, na Marcellin akatafsiri kila neno kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisha mlango ukagongwa. Officier akavua kofia.

Marcellin alimwona Maman Cibalonza akijisogeza mbele, tayari kufurahi. Ilikuwa rahisi sana. Neno moja tu, "njiani", na sale nzima ingerudi nyumbani inaimba.

— Mama, akasema kwenye kipaza sauti, bwana yako amekufa.

Sale ikalipuka.

— Bongo! Anadanganya!

— Ile siku ilikuwa njiani!

— Mwalimu amelewa!

— Urudishe ule wa kwanza! alipiga kelele Maman Agathe. Dada yangu ametoka Miti na miguu!

Marcellin akaendelea, akakisogeza kipaza sauti mdomoni hadi kikapiga filimbi.

— Amekufa. Ile mara ya kwanza mi ndiye nilidanganya. Bibi haliye kwa furaha. Na musalaba si wa jirani. Ni wake.

Pale kwenye kitambaa cheupe mwanamke alikuwa amekaa chini, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwekea maneno mengine.

Mablanketi yalipoondolewa, zéro zilinyesha. Padri Philémon aliziandika hadi ubao ukafanana na kapu la mayai. Maman Cibalonza hakutoa pointi. Alisimama, akafunga kitenge vizuri, akatoka. Nsimire akamfuata; alipopita kando ya mashine aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Marcellin, ule uliokuwa bado umekamata kipaza sauti, kisha akaenda.

Kesho yake, kengele ya mwisho ilipolia, Nsimire alikuwa mlangoni pa darasa.

— Maman anakuita.

— Amekasirika?

— Sijui. Hajasema kitu toka jana. Asubuhi amefungua sanduku yake, akaikalia mbele. Ukuye tu.

Walimkuta ameketi juu ya mkeka, nyumba inanukia chokaa mpya. Mikononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane.

— Jambo, maman.

— Jambo, mwalimu. Ikala hapa chini.

Akaifungua karatasi juu ya goti, akailainisha kwa kiganja.

— Hii ilinifikia mwaka moja kisha papa ya Nsimire kwenda. Kifaransa. Muhuri iko. Nikapelekea katekista: akasema ni mambo ya kodi. Nikapelekea soeur mumoja, mutawa wa parokia: akasema ni salamu ya serikali. Nikapelekea Grégoire: akasema macho inamuuma. Karatasi moja, maneno tatu. Nikaificha.

— Maman! alisema Nsimire. Mi nasoma Kifaransa. Haukunionyesha hata siku moja.

— Ulikuwa mutoto. Kisha ukakuwa mukubwa, na mi nikaogopa.

Akamgeukia Marcellin.

— Nawe nilikuona sawa na wale. Jana nilianza kusema: huyu anaua mutu juu ya ndoa. Lakini nikaangalia ule bibi. Mutu wa furaha haliye vile. Miye nimelia miaka tisa, namujua. Basi fasiri. Usiongeze, usipunguze.

Marcellin akaichukua. Haikuwa ndefu. Aliisoma kwanza kimya, na Nsimire, aliyekuwa akisoma juu ya bega lake, akaufunika mdomo.

— "Mama," akaanza Marcellin, "tunakujulisha kwa huzuni kwamba bwana yako, shofeli Raphaël, alikufa tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja, mwaka wa sitini na saba. Lori yake ilipigwa. Wenzake walimuzika siku ile ile, karibu na daraja, na walisali."

— Rudilia pa daraja.

— "Walimuzika siku ile ile, karibu na daraja, na walisali."

Maman Cibalonza alifumba macho.

— Walimuzika, alisema. Kila mvua ikinyesha nilikuwa nasema: labda analala inje, hakuna mutu wa kumufunika. Kumbe walimufunika.

Halafu akatoa kilio, kile cha kweli, kilichochelewa miaka tisa. Majirani wakakisikia wakajua bila kuuliza. Kabla jua halijashuka upande wa milima, uwanja ulikuwa umejaa.

Tonton Grégoire alifika kofia mkononi, akasimama mbele ya shemeji yake kama mtoto aliyevunja chungu.

— Shemeji, mi nilikosa. Nilishindwa kukuambia.

— Macho imepona?

— Imepona.

— Basi utaangalia vizuri. Kwanza misa ya Raphaël. Kisha ndugu za kijana watarudi, nawe utapokea ng'ombe.

Viti havikutosha. Marcellin akaenda parokiani na kurudi na benchi kichwani, akaenda tena, shati limeshikana na mgongo, na hakuna aliyekuwa amemtuma. Maman Agathe, aliyeleta sufuria ya chai, akamfuata kwa macho.

— Cibalonza, ule anayebeba viti, si ni ule mufasiri mubaya?

Maman Cibalonza akainua uso wake uliovimba.

— Ni mukwe wangu, alisema.

Marcellin alisikia. Aligeuka kumtazama, benchi likayumba, na lingemwangukia Padri Philémon kama Nsimire hangelidaka upande wa pili.

— Shika vizuri, alisema, machozi bado mashavuni. Inabaki benchi kumi na mbili.