Herufi Iliyolowa

Siku waliyogongana, jengo la maduka lilikuwa limefurika watu. Muuza maua wa ghorofa ya chini alikuwa akipanda ngazi na ndoo ya mawaridi kifuani. Fundi simu wa ghorofa ya pili alikuwa akishuka, macho yote kwenye simu. Pu! Maji yakalowesha shati jeupe na simu yenyewe.

"Pole, kaka yangu! Imekufa?"

"Haijafa," fundi alisema, akiifuta kwenye suruali. "Na huyu naye mzima. Hebu mtazame."

Muuza maua alitazama kwa haraka, na haraka yote ikamwisha. Ndani ya mchezo wa kukusanya viumbe alisimama kiumbe kama kiazi chenye miguu, majani mawili kichwani, mizizi ikiburuta nyuma yake. Akafumbua jicho moja, akayanyoosha majani kuelekea jua. Muuza maua alisisimka mwili mzima. Kutwa alishika maua yaliyokatwa. Huyu alikuwa na mizizi.

"Anaitwaje?"

"Kichipuo. Nimemlea miaka sita. Wanasema huchanua mara moja tu maishani. Lini, hakuna ajuaye."

Haukupita mwezi, wakawa wapenzi. Fundi hakuandika ujumbe hata siku moja, alipiga tu.

"Umekula, ua langu?"

"Ua lako ndiyo kwanza linafungua duka. Hebu niache nifanye kazi!"

Muuza maua naye akaupakua mchezo ule kwenye simu yake. Kila Jumamosi alivaa gauni lake la manjano, wakaketi ngazini kumtazama Kichipuo akinywa mvua. Hakuwahi kupenda mtu namna ile.

Kisha Jumatano moja simu yake ikawaka. Barua kutoka ndani ya mchezo, imetoka kwa fundi: "Nmekuacha. Usnrudshe."

Nimekuacha. Usinirudishe. Watu ndivyo wanavyofupisha siku hizi. Hata kuachwa, anaachwa kwa mkato! Alilia mpaka utepe wa shada ukalowa. Mchezo hakuufungua tena, na namba ya fundi akaifungia. Fundi alipopiga simu ya duka, dada mtu, mwenye duka, alikata. Alipokuja mwenyewe, dada alisimama mlangoni na mkasi. "Hayupo!" Hata nafasi ya salamu hakumpa.

Jumamosi asubuhi simu ya duka ikaleta oda ya maandishi. Kazi ya muuza maua ilikuwa kunakili maneno ya wateja kwenye kadi na kuyasahihisha, herufi kwa herufi. Akasoma: "Naomba ward moja jekundu. Kad andka: Fungua zawad yako kabla ya saa sta mchana, la svyo atakufa."

"Dada, mtu anaweza kufupisha 'sita'?"

"Labda mvivu sana."

"Waridi. Kadi. Zawadi." Moyo ukamwenda mbio. "Huyu hafupishi. Huyu hana 'i'!"

Akachukua kadi, akaiandika upya barua ya Jumatano, akiirudishia herufi moja baada ya nyingine. Nimekuachia. Usinirudishie.

"Dada! Hakuniacha. Ameniachia!"

Alipanda ngazi mbilimbili. Saa sita kasoro dakika nne.

"Wewe! Kwa nini hukuniambia simu yako haiandiki 'i'?"

"Ni maji ya ndoo yako." Macho ya fundi yalikuwa mekundu. "Ungejisikia vibaya. Na barua ya zawadi haikubali sauti, lazima uandike. Kiumbe asipopokewa siku tatu, hufa."

"Fundi mzima, simu mbovu!"

"Ningeitengeneza, ningepoteza ukumbusho wako."

Muuza maua akafungua mchezo na kubonyeza "Pokea". Kichipuo akatokea kwenye kioo chake, akaangaza huku na huku, akaketi. Kisha majani yakaachana taratibu. Likatoka ua, petali juu ya petali, la rangi ambayo muuza maua hakuwahi kuiona katika miaka yake yote ya maua. Wateja wakasogea. Muuza maua aliona hofu tamu, kama anatazama kitu ambacho hakustahili kukiona.

"Kumbe alikuwa anangoja nimtoe," fundi alinong'ona. "Miaka sita nimemshikilia."

Akamgeukia. "Na mimi je, utanipokea? Nataka nikuoe."

Muuza maua alimsogelea. Akainyakua ile simu mbovu, akaandika, akamrudishia.

"Nmekubal."

Fundi akasoma, akacheka huku machozi yakimtoka. "Mbona zimepungua herufi mbili?"

"Utazijaza mwenyewe, mume wangu."