Hata Nyinyi Nisiowaona

Kiti kilikuwa kimebonyea.

Kaneza alizima taa yake ya duara, akakunja stendi ya simu, na alipogeuka ndipo akaona. Kilikuwa kiti cha sofa cha mtu mmoja, alichokinunua kwa fundi wa mtaa wa Kimumu ili kipendeze nyuma yake kwenye video. Hakuna mtu aliyewahi kukikalia. Yeye mwenyewe hukaa kitandani, asije akakunja kitambaa cheupe alichokitandika juu ya kiti hicho. Sasa kitambaa kilikuwa kimejikunja na mto umezama katikati, kama mtu mzito ameinuka sasa hivi. Aliweka kiganja. Mto ulikuwa baridi, wenye unyevu kidogo, na ulinuka kama gunia la mahindi yaliyonyeshewa.

Akajiambia ni paa linavuja. Akaangalia juu. Paa lilikuwa kavu.

Kaneza alikuja Kenya kutoka Bujumbura akiwa na begi moja na urefu ambao watu waligeuka kuutazama. Mwanzoni alitembeza njugu mjini Eldoret, mpaka Ciru, mwenye duka la nguo, alipomwomba avae gauni moja apigwe picha. Gauni lilinunuliwa siku hiyo hiyo. Baadaye wakamtafuta wauza viatu, wenye saluni, hata mpishi wa keki. Hakuwa ameajiriwa na yeyote. Alilipwa kwa kila kazi, na alijua kwamba asipoonekana atasahaulika. Ndiyo maana kila alasiri alienda laivu kutoka chumbani mwake, akivaa nguo za wateja, na kila mara alianza kwa maneno yale yale, kwa lafudhi ya kwao ambayo watu waliipenda:

“Karibuni kwangu, karibuni sana! Ingieni, mkae, mjisikie nyumbani. Hata nyinyi nisiowaona, mnaotazama kimya kimya, karibuni!”

Aliyasema kwa moyo wote. Kwa mama yake haikupita wiki bila mgeni kula pale. Hapa hakuna aliyemtembelea, na Mama Nyaguthii, mwenye ploti ya vyumba alikopanga, hakuacha kumtania.

“Wewe Kaneza, kwani huna watu? Tangu uhamie sijafungulia mgeni wako hili geti. Ama unawaficha?”

“Wageni wangu wako kwa simu, Mama.”

“Hao si wageni. Mgeni ni mtu wa kunywa chai.”

Rafiki yake alikuwa mmoja tu, Linah Nanyama wa ploti ya pili, aliyemshikia simu barabarani alipopigwa picha akitembea. Jioni Kaneza alimsindikiza Linah hadi kwao. Wakifika, Linah husema, “Haya, na mimi acha nikurudishe kidogo,” wanarudi pamoja hadi getini kwa Kaneza, na hapo Kaneza naye anasema hivyo hivyo. Walikuwa wakienda na kurudi wakicheka, mpaka Mama Nyaguthii awaulize kama wamelipwa kukanyaga barabara.

Siku iliyofuata baada ya kiti kubonyea, komenti iliingia katikati ya laivu. Akaunti haikuwa na jina wala picha. Iliandika: *Nimeingia. Nimekaa.*

Kaneza aliisoma kwa sauti, akatabasamu. Kesho yake ikaandika: *Chai iko wapi?*

“Mgeni wangu ana kiu!” alisema akicheka. Kwa mzaha akamimina chai, akaweka kikombe kwenye mkono wa kiti. “Hiyo hapo. Kunywa, usione haya.”

Watu walipenda sana. Simu ilijaa vicheko. Lakini laivu ilipokwisha, kikombe kilikuwa kitupu, na chini yake palibaki makapi ya mahindi, meusi, yakinuka.

Jioni hiyo Ciru alipiga simu. “Babe, hiyo ya mgeni imeenda mbali! Sasa sikiza. Jumamosi nakupiga picha za mwaka mzima, mabango na kila kitu. Wewe ndiwe utakuwa sura ya duka. Lakini usipokuja nachukua mwingine, nimeshalipa mpiga picha.”

Kaneza aliruka kwa furaha. Mwaka mzima wa kazi moja ya uhakika ulikuwa kitu ambacho hakuwahi kukipata tangu avuke mpaka. Alishika mkoba akamwambie Linah. Alivuka mlango, akafika katikati ya uwanja kwenye kamba za nguo, na hapo pumzi ikakatika, kama mtu amemfunga leso shingoni na kuivuta kutoka nyuma. Akaanguka kwa mikono na magoti. Nyuma yake, ndani ya chumba alichokiacha kitupu, alisikia kiti kikilia kama mtu anageuka kumtazama, kisha sauti nzito, ya mtu anayezungumza mdomo umejaa nafaka:

“Unaniacha na nani?”

Alirudi kwa kutambaa. Alipokanyaga kizingiti, pumzi ikarudi.

Alijaribu tena asubuhi, akajaribu mchana, akajaribu na macho yamefungwa akiimba wimbo wa kanisani, na kila mara alifika kwenye kamba za nguo tu. Alipiga simu kwa Mama Nyaguthii dukani kwake, akanong'ona kwamba hawezi kutoka.

“Huwezi kutoka vipi na nimekuona saa hii kwa simu ukicheka? Umevaa ile nyekundu?”

Kaneza alitazama gauni jekundu. Lilikuwa bado limekunjwa kwenye mfuko wa duka la Ciru. Alifungua ukurasa wake na kweli alikuwa pale, yeye mwenyewe, akizunguka, akiinua kidevu, akipunga mkono na kusema karibuni kwa meno mengi kuliko aliyonayo.

Linah alikuja Ijumaa akiwa na hasira kwamba ametupwa. Alisimama mlangoni, akavuta hewa, akaziba pua.

“Kuna nini imeoza hapa?”

“Shh. Usikae hapo,” Kaneza alinong'ona. “Hapo kuna mtu.”

Linah alitazama kiti kitupu. Mto ulizama zaidi, polepole, kama mtu anajiweka vizuri ili asikie maongezi. Linah alirudi nyuma, akatoka, na alasiri alirudi kutoka mji wa Turbo na shangazi yake, Mama Wabuge, mwanamke mfupi mwenye gamubuti, ambaye watu wa kanisa lake humwita kuombea nyumba zenye usumbufu.

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Mama Wabuge aliomba kwa nguvu, akanyunyiza maji pembe zote, akaamuru, akakemea. Mto haukuinuka. Mwishowe aliketi kwenye ukingo wa kitanda, akafuta uso.

“Huyu jini hajavunja mlango,” alisema kwa sauti ya chini. “Anakaa kama mwenye haki. Nani alimwambia aingie?”

Kaneza alimwambia maneno yake, yote, mpaka ile sehemu ya nisiowaona.

“Na chai?”

“Nilimpa, Mama.”

“Na alipomaliza, ulimsindikiza?”

“Nazima tu simu.”

“Shangazi, hivyo ndivyo laivu huisha,” Linah alisema.

“Kwenu. Kwake haijaisha.” Mama Wabuge alitikisa kichwa. “Umekaribisha watu siku zote hizo, hujamtoa hata mmoja mlangoni. Sasa mimi nikimfukuza atakaa kwa hasira. Ni wewe mwenye nyumba umtoe, na kwa heshima. Mfikishe pale njia panda, umwambie safari njema. Usimwambie karibu tena. Hata kwa mazoea! Halafu urudi, usigeuke, usimjibu.”

“Twende na Linah?”

“Mgeni ni wako. Sisi tutabaki tukiomba.”

Mvua ilipopungua, Kaneza alisimama mbele ya kiti. “Mgeni wangu,” alisema, “jioni inaingia. Twende nikusindikize.”

Mto ulipanda.

Alipita kamba za nguo na pumzi haikukatika. Alifungua geti, akashika barabara ya matope, na nyuma yake, kila alipoinua mguu, mguu mwingine mzito ulizama na kuchomoka, ukichelewa kidogo tu. Wavulana waliokaa kwenye pikipiki waliacha kuongea alipopita. Kwenye njia panda alisimama.

“Umefika. Safari njema.” Yale maneno mengine mawili yalipanda yenyewe hadi kwenye ulimi, kama yalivyopanda kila alasiri, na akauma ulimi mpaka akaonja damu.

Harufu ikapungua. Akageuka kurudi nyumbani, akatembea, halafu akatembea haraka, na kwa mara ya kwanza tangu alipopigiwa simu na Ciru aliwaza kuhusu Jumamosi bila woga, gauni jekundu, mabango, sura yake mwenyewe yenye meno yake mwenyewe, na alikuwa karibu kucheka aliposikia matope yakimezwa na kutemwa nyuma yake, taratibu, bila haraka, na ile sauti ya nafaka ikasema kwa upole wa jirani:

“Umenifikisha vizuri. Na mimi acha nikurudishe kidogo.”

Hakugeuka, hakujibu, aliendelea kwa sababu kusimama kulikuwa kubaya zaidi, na akili yake ikishika jambo moja tu, kwamba huyu asifike mlangoni, kwamba akifika mlangoni naye atakuwa mgeni upya na chai itaanza upya, kwa hiyo atalipita geti, atapita kwa kina Linah, atatembea mpaka lami, mpaka Kapseret ikibidi, hata usiku kucha, hata hiyo Jumamosi ipotee, mpaka yule wa nyuma achoke, na alikuwa ameinamisha macho kwenye matope, ameshafika usawa wa geti na kulipita hatua moja, lilipofunguka.

Mama Nyaguthii alikuwa amerudi kutoka dukani, mwavuli mkononi. Alitazama nyuma ya Kaneza, juu kidogo, kama unavyomtazama mtu mrefu, na uso wake ukachangamka.

“Haiya! Kaneza! Leo umeleta mgeni!”

Kaneza alifungua mdomo apige kelele. Pumzi ikakatika.

“Na ona alivyonyeshewa, woiye. Mnapita mkienda wapi na chai iko jikoni? Ingieni, ingieni nyote wawili.”

“Asante, Mama,” ile sauti ilisema. “Nitakaa.”

Kitu baridi kilimpita Kaneza begani, kikaingia, na miguu yake yeye ikageuka yenyewe na kufuata.

Mama Nyaguthii alifunga geti, akasukuma komeo. “Si ndiyo nilikuwa nakuambia kila siku? Nyumba inataka watu,” alisema akitangulia jikoni. “Mjisikie nyumbani.”