Uzi wa Kukatika

Kila siku alipotoka shule, Chiriku alivua sare, akaosha sahani yake, akaenda kuketi kwenye kigoda karibu na dirisha la chumba cha mbele. Dirisha hilo ndilo lililokuwa na mwanga mzuri wa kupigia picha. Jina la Chiriku walimpa watoto wa jirani, maana mdomo wake haukuwa na breki. Siku akinyamaza darasani, mwalimu humuuliza kama anaumwa.

Chumba hicho kilikuwa karakana ya mama yake. Cherehani ilikaa ukutani, meza ya kukatia ikakaa katikati, na harufu ya ngozi na nta haikutoka hata madirisha yakiachwa wazi. Mama alishona mikanda ya shingoni ya mbwa na paka, kamba za kumwongozea mbwa, na vitanda vidogo vya paka vilivyojazwa vipande vya nguo. Zamani alikuwa fundi wa mabegi ya shule, lakini mabegi ya dukani yalipoingia kwa bei ya kutupa, wateja wakamkimbia. Daktari wa mifugo wa mtaa ule ndiye aliyemwomba mkanda wa mbwa wake, na hapo mama akaona Mungu amemfungulia mlango. Tatizo ni kwamba mlango wenyewe ulifunguka kidogo tu. Wateja wasipoongezeka kabla ya mwaka kwisha, cherehani itauzwa, na yeye ataenda kufua nguo za watu.

Mama alikuwa na desturi mbili ambazo hakuziacha hata akiwa na haraka. Mkanda wa mbwa aliushona mara mbili kwa uzi mnene uliopakwa nta, kisha akautundika kwenye msumari na kuufunga mfuko wa mchanga, ukae hivyo siku nzima. Ukifumuka, hauuzwi. Mkanda wa paka ulikuwa kinyume chake. Nyuma, pale ncha mbili za kitambaa zinapokutana, aliunganisha kwa mishono mitano tu ya uzi mwembamba wa pamba. Kisha katika kila kundi alichagua mmoja, akauvuta kwa vidole viwili. Huo ulipaswa kukatika.

"Mbwa anatembea chini, na mwenyewe kamshika," alikuwa akisema. "Paka anapanda kila mahali. Akinaswa huko juu, nani atamnasua? Mkanda wa mbwa ukikatika ni hasara. Wa paka usipokatika, hasara ni kubwa zaidi."

Chiriku aliyasikia maneno hayo mara nyingi mpaka yakawa yanaingia sikio hili na kutokea lile.

Kazi yake yeye ilikuwa simu. Mama alijua kupiga na kupokea, basi. Kupiga picha, kuziweka kwenye ukurasa wao mtandaoni na kujibu wateja, hayo yote alimwachia binti yake. "Mimi ni mkono, wewe ni mdomo wa duka," alimwambia, naye Chiriku akavimba kichwa wiki nzima. Ila ukurasa wenyewe ulikuwa na wafuasi thelathini na mmoja. Nusu yao walikuwa ndugu, na mmoja alikuwa mjomba aliyeandika "Hongera" chini ya kila picha, hata ile iliyotoka kidole kitupu.

Siku moja wakati wa mapumziko, Chiriku alimwonyesha ukurasa huo rafiki yake wa dawati moja. Huyo walimwita Wembe kwa ajili ya ulimi wake. Wembe alipitisha kidole juu, akapitisha chini, akacheka.

"Hili ni duka au tangazo la msiba?" aliuliza. "'Mikanda ya paka na mbwa, imeshonwa kwa mkono.' Nani atasimama kusoma hayo? Huko mtandaoni watu wanapita mbio. Rusha neno la kuwasimamisha."

"Neno gani?"

"Sema haikatiki. Hata ivutwe na trekta."

"Ya mbwa ndiyo. Ya paka inakatika."

"Na nani atajua?" alisema Wembe, akamrudishia simu.

Jioni ile Chiriku aliazima paka wa jirani, wa rangi ya chungwa, akamvika mkanda mwekundu na kumpiga picha dirishani. Juu ya picha akaandika kwa herufi kubwa: MKANDA USIOKATIKA MAISHA. Mama alipouliza ameandika nini, Chiriku alimsomea: "Mikanda mizuri, imeshonwa kwa mkono na kwa upendo." Mama akatabasamu, akarudi kwenye cherehani. Ulikuwa uongo mdogo kama punje ya ufuta, na Chiriku aliumeza bila shida.

Neno lile liliwasimamisha watu kweli. Wafuasi wakafika mia, wakafika mia tatu. Ujumbe ukaanza kuingia asubuhi hata kabla ya uji. Mama akawa anashona huku akiimba nyimbo za ibada, jambo ambalo Chiriku hakuwa amelisikia kwa muda mrefu, na habari ya kuuza cherehani ikaacha kutajwa.

Kisha mteja mmoja akaandika chini ya picha ile, mbele ya kila mtu: "Mnasema haukatiki. Wa paka wangu umekatika siku ya tatu. Mwogopeni Mungu." Watu kumi na wawili wakaweka alama za kucheka.

Chiriku alihisi masikio yakimwaka moto. Angeweza kulifuta lile neno lake la uongo. Angeweza kumwambia mama, aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale, akipaka nta uzi. Badala yake alifuta maneno ya mteja. Na siku iliyofuata, mama alipokwenda kununua ngozi, Chiriku alichukua mikanda sita ya paka iliyokuwa tayari kufungwa, akafumua mishono mitano ya pamba, na mahali pake akapitisha uzi wa mbwa. Aliuvuta kila mmoja kwa nguvu zake zote, hata akaweka mguu. Haukukatika hata mmoja. Alijiona fundi. Vifurushi vikaondoka, na wiki mbili zikapita watu wakisifu tu.

Jumatatu moja jioni daktari wa mifugo alipiga hodi. Alikaribishwa kiti, akasema hatakaa. Akatoa mfukoni mkanda mwekundu wa paka, umekatwa kwa mkasi, akauweka juu ya meza.

Alieleza polepole. Fundi saa wa barabara ya chini, mzee ambaye macho yanamwishia, alikuwa na paka aitwaye Mshale. Mtu mmoja alimsomea mzee lile tangazo, naye akaagiza mkanda, akiamini kitu kisichokatika ndicho kizuri. Jumamosi Mshale aliruka uzio nyuma ya kibanda, mkanda ukanasa kwenye waya, akabaki ananing'inia huku miguu ya nyuma ikigusa ardhi kwa shida. Jirani aliyetoka kuanika nguo ndiye aliyeukata mkanda. Angechelewa kidogo, paka angekufa. Ataishi, alisema daktari, lakini koo limeumia. Sauti imekwenda, na yeye hadhani kama itarudi.

"Nimekuja kwako kwa sababu naijua kazi yako, mama," alimalizia. "Sikuamini kuwa mkanda huu umetoka hapa."

Mama aliuchukua ule mkanda. Akaugeuza, akaangalia mshono wa nyuma kwa muda mrefu. Chiriku alikuwa amesimama kando ya dirisha na simu mkononi.

"Umetoka hapa, daktari," mama alisema. "Kosa ni la nyumba hii. Nitakwenda kwa mzee mwenyewe."

Daktari aliaga. Chiriku angeweza kusema wakati ule, mgeni akiwa bado mlangoni. Hakusema. Baadaye, alipokuwa mtu mzima, jambo lililomuumiza zaidi halikuwa uzi wala tangazo. Ni zile hatua chache za daktari kutoka mezani hadi mlangoni, ambazo yeye alizitumia kuangalia vidole vya miguu yake, huku mama akibeba mzigo usio wake.

Alisema walipokuwa wakiosha vyombo. Maneno yalitoka vipande vipande: lile tangazo, yule mteja, uzi wa mbwa, na yale aliyomsomea mama ambayo hayakuandikwa. Mama aliendelea kusuuza sufuria mpaka akamaliza.

"Nilijua tangu nilipougeuza," alisema. "Mishono yako inalala kushoto. Unashika sindano kama kalamu."

"Sasa mbona hukumwambia daktari, mama?"

"Mkanda ulitoka kwenye karakana yangu. Nilikupa mdomo wa duka, nisiulize unasema nini. Hilo nalo ni kosa, mwanangu, na ni langu." Akakung'uta maji mikononi. "Hilo lako nilikuwa namwomba Mungu ulilete mwenyewe, nisije nikalifuata."

Chiriku alilia. Mama hakumbembeleza, wala hakumgombeza. Alipanga sufuria, akamwambia alete simu, kwa sababu kulikuwa na paka watano wengine wenye uzi ule shingoni, na machozi hayafumui mshono.

Mmoja baada ya mwingine, waliwapigia wale wateja watano. Mama alishika simu sikioni kwanza, akasalimu, akajitambulisha, kisha akampa Chiriku aeleze kwa kinywa chake. Wawili walivua mikanda papo hapo wakashukuru. Mmoja alifoka mpaka Chiriku akaisogeza simu mbali na sikio. Mwingine alisema hatanunua tena. Wa tano hakupatikana mpaka kesho yake asubuhi, na usiku ule Chiriku alilala kama aliyelalia miiba.

Kisha mama akataka kujua habari ya yule mteja wa kwanza, aliyefutiwa maneno yake. Chiriku alimpigia, akamwomba radhi, akamuuliza kama mama alivyomwelekeza: ule mkanda uliokatika, aliuokota wapi?

Mteja alifikiri kidogo. Akasema aliuona kwenye tawi la mti wa uani, juu kabisa, ndiyo maana alikasirika, kwani ilibidi atafute ngazi.

Chiriku alikaa na simu mkononi. Paka yule alinaswa mtini, uzi wa pamba ukakatika, naye akashuka zake akaenda kunywa maziwa, mwenyewe asijue kitu. Maneno yale aliyoyaonea aibu mpaka akayafuta yalikuwa sifa kubwa kuliko zote ambazo mkono wa mama yake uliwahi kupewa.

Ukurasa ulibadilishwa siku hiyohiyo. Chiriku alivuta mkanda mmoja wa paka mpaka ukakatika, akapiga picha vile vipande viwili dirishani, akaandika: "Mkanda wetu wa paka hukatika. Umeshonwa hivyo ili paka akinaswa asinyongwe. Nilipoandika kuwa haukatiki nilidanganya, na paka mmoja ameumia." Alimsomea mama kama yalivyo. Mama akachukua simu, akayasoma tena mwenyewe, herufi kwa herufi, midomo ikicheza, kisha akairudisha. Tangu siku hiyo alisoma kila kitu kabla hakijatoka. Wafuasi wakapungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Wembe alisema ni ujinga kujitangaza ubaya. Baadaye, wakiwa njiani kurudi nyumbani, akauliza kwa sauti ya chini yule paka anaendeleaje.

Jumamosi walikwenda kwa fundi saa. Kibanda chake kilijaa saa za ukutani zikigonga kila moja kwa mwendo wake. Mzee alikuwa ameinamisha sikio juu ya saa moja ndogo, kwa kuwa sasa alifanya kazi kwa kusikia kuliko kuona.

"Shikamoo, babu," alisema Chiriku, na kabla hajaulizwa akasema yeye ndiye aliyeshona ule mkanda.

"Marahaba." Mzee hakuinua kichwa. "Mshale yuko wapi hapo?"

Alikuwa chini ya meza, karibu na mguu wa mzee, shingo imenyolewa. Alifungua kinywa akimtazama mzee. Meno yalionekana, ulimi ukaonekana. Sauti haikutoka.

"Yuko chini ya meza, babu. Anakuita."

"Ndilo tatizo lenyewe," alisema mzee. "Zamani alinijibu nikimwita. Juzi nimemkanyaga mkia, naye hakuweza hata kunitukana."

Chiriku alitoa mkanda aliokuja nao. Ulikuwa wa kitambaa laini, una njuga ndogo mbele, na nyuma una mishono mitano ya pamba. Alikuwa ameushona mara nne na mama akaufumua mara tatu. Mzee aliupapasa, akatikisa njuga karibu na sikio. Kisha akaupitisha vidole mpaka nyuma, akaushika kwa mikono miwili, akauvuta.

Ulikatika.

Mzee akavirudisha vile vipande mkononi mwa Chiriku.

"Huu ndio," alisema. "Kashone mwingine hivihivi, uniletee."

Njiani kurudi, mama alitembea polepole. Alisema watu hufundishwa kuwa kitu imara ndicho kizuri, na mara nyingi ni kweli. "Lakini kila kitu kina kazi yake, na sifa yake imo ndani ya kazi hiyo. Ukikipa sifa isiyo yake ili watu wakitazame, unakinyang'anya ile kiliyokuwa nayo. Mteja anayekuja kwa neno la uongo hakuja kwetu, mwanangu. Amekwenda kwa mtu asiyekuwepo. Sema kweli, wakija wachache, hao ni wetu."

Wakaja wachache. Wa kwanza alikuwa yule wa tawi la mti, akiagiza miwili. Wengine waliletwa na daktari wa mifugo, aliyebandika picha ya vile vipande viwili ukutani mwa chumba chake cha tiba. Cherehani haikuuzwa.

Sauti ya Mshale haikurudi. Lakini kila Chiriku alipopita barabara ya chini akitoka shule, alisimama mbele ya kibanda, na katikati ya milio ya saa zote zile alisikiliza mpaka aisikie ile njuga.